Mistari Myeupe ya Changamwe

Nilipoifunga ile trai, yaani bao la raga la kuuweka mpira chini kwenye mstari wa mwisho, wenzangu walinirukia mgongoni kwa furaha. Uso wangu ulikuwa chini, juu ya mstari mweupe, na mpira chini ya kifua. Macho nilikuwa nimeyafumbua, maana mtu anayejirusha na mpira hutaka kuona anapoangukia. Unga wa ule mstari ukaniingia jicho la kulia. Wa kwanza aliponilalia akanisukuma uso ndani zaidi, halafu wa pili, halafu wote.

Mwanzo lilikuwa kama limeingia pilipili. Nikasema moyoni, itapita. Kisha likaanza kuchemka. Sina neno jingine. Lilichemka kama sufuria iliyofunikwa. Nikapiga ukelele, na wale walio juu yangu wakadhani ni kelele za ushindi, wakapiga na zao.

"Nitoeni!"

"Leo hutoki, bingwa!" mmoja akaniambia sikioni, anacheka.

Walipoinuka, mimi sikuinuka. Bwana wa huduma ya kwanza akaja kutoka kwenye hema la wageni, mdomo una mafuta ya sambusa, na ndoo yake na sifongo. Katika raga ya siku zile sifongo ilikuwa dawa ya kila kitu. Umevunjika kidole, sifongo. Umezimia, sifongo. Akaichovya, akaikamua, akanipangusa jicho kwa ule unyevu uliobaki. Unyevu mdogo tu, juu ya chokaa ambayo haijazimwa. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kujenga nyumba anajua nini hufuata.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana jambo hili limesimuliwa na wengi na wote wameanza katikati.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nilizaliwa Bofu, huku Likoni, na miaka ile ya themanini nilikuwa kibarua bandarini. Tulibeba magunia ya kila namna, na asubuhi tulisimama getini kungoja kuchaguliwa kama mbuzi wa Idi. Raga niliijua kwa jina tu, mchezo wa wazungu na watoto wa wakubwa. Mpaka siku moja mtu alinyakua shati langu getini akakimbia nalo. Nikamkimbiza nikampata karibu na kivuko. Kibarua mmoja wa Kisauni, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu, alikuwa akitazama. Akaja anacheka.

"We, mbio kama hizi unampa mwizi bure? Njoo Changamwe Jumamosi."

Huyu ndiye nitakayemwita Mwenzangu, maana ndivyo alivyokuwa mpaka alipokufa.

Timu ya mkoa wetu ilikuwa na wanaume wakubwa wa maofisini, wenye mashingo. Kwa raga ya watu kumi na watano walitosha. Lakini ile ya saba ni jambo lingine. Uwanja ni uleule mkubwa, watu ni wachache, dakika saba kisha saba tena, na mnene akishakimbia mara mbili huanza kutafuta pumzi kama papa aliyetupwa mchangani. Kwa hiyo walitutafuta sisi wa ng'ambo ya kisiwa, wa Likoni na Kisauni na Changamwe, waliokuwa na miguu na hawana viatu. Viatu tuliazimwa.

Aliyetutafuta alikuwa katibu wa kamati ya raga ya mkoa. Jina lake silitaji; kila aliyekuwa uwanjani analijua, na yeye mwenyewe akisoma atajijua. Alikuwa mtu wa pwani haswa, wa ukoo wa zamani. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, kuta nene za kuzuia jua, zimepakwa chokaa tangu enzi za babu yake. Ukimwambia shikamoo alikuitikia marahaba kwa sauti nzuri, akakuuliza habari ya mama yako. Nilimpenda. Naandika hivi ili ijulikane sikuanza na chuki.

Katibu alituahidi jambo moja. Kampuni zilizotoa fedha za mashindano zilikuwa na nafasi za kazi ya kudumu bandarini, na wachezaji watakaong'ara ndio watakaozipata. Kazi ya kudumu, kwa mtu anayesimama getini kila asubuhi, ni kama kuambiwa utalala na kuamka mtu mwingine. Mama yangu nilipomweleza aliniuliza, "Na huko kukimbia tu ndiko kutakupa kazi?" Nikamwambia ndiyo, mama, kukimbia tu.

Uwanja ule tulikuwa tukiuchora kwa majivu. Hiyo ilikuwa desturi yetu. Ijumaa jioni mimi na Mwenzangu tulikwenda kwa mwoka mikate pale Changamwe, tukazoa majivu ya tanuri lake, tukayachunga, tukayatia katika kopo la maziwa lililotobolewa chini. Mmoja ashika kamba, mwingine atikisa kopo. Mstari wa majivu ni wa kijivu, jua likiwa kali unaupoteza. Lakini ukiuangukia unachafuka tu. Unajikung'uta, unaendelea.

Mwaka ule yakaja mashindano makubwa ya siku moja. Timu za mikoa, na juu yake timu za mwaliko: wanajeshi, vijana wa chuo, na mabaharia wa meli ya kizungu iliyokuwa imetia nanga. Katibu alikuwa hashikiki. Alizunguka uwanja na viatu vyake vilivyong'aa akatukuta na gunia letu la majivu.

"Hayo nini?"

"Majivu, bwana. Ya mistari."

"Wageni wanakuja na makamera, nyie mwataka kuwaonyesha majivu? Waseme Mombasa twachora uwanja kama twatega mchawi?"

Tulicheka. Alikuwa mcheshi, hilo silikatai.

"Nataka nyeupe," akasema. "Nyeupe ya kuonekana kutoka barabarani."

Haya yanayofuata sikuyaona kwa macho yangu. Alinieleza Mwenzangu, na alinieleza mara nyingi, maana hakuweza kuyaacha. Ijumaa mchana katibu alimchukua kwenye pikapu wakavuka kuja huku Likoni, mpaka kwenye tanuri la chokaa lililokuwa nyuma ya Bofu. Kwa asiyejua, huku kwetu chokaa hutokana na matumbawe. Mawe huchomwa juu ya magogo mpaka yawe meupe na mepesi. Lakini yakitoka motoni bado ni hai. Lazima yamwagiwe maji, yachemke, yafuke moshi, kisha yalazwe shimoni yatulie. Hapo ndipo unaweza kushika. Kabla ya hapo ni moto uliofumba macho. Mtoto wa pwani hufundishwa hili pamoja na kutochezea kisima.

Siku ile palikuwa na chokaa ya namna moja tu, iliyotoka motoni juzi yake. Mzee mwenye tanuri akasema, "Hii haijazimwa, mwanangu. Ngoja wiki ijayo."

"Wiki ijayo wageni wamekwenda zao."

"Basi nikuzimie kidogo hapa."

"Ukiizima saa hizi itakuwa uji. Uji nitautikisa vipi kwenye kopo? Nipondee hivyohivyo kavu."

"Na watu watakanyaga?"

Katibu akanyoosha kidole juu. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa bahari. "Yale huyaoni? Usiku itanyesha. Mvua itaizima."

Mvua itaizima. Mwenzangu aliniapia wallahi ndivyo alivyosema.

Mzee akatazama mawingu, akamtazama mwana wa ukoo mkubwa, akasema, "Wajua wewe." Nayo ndiyo adabu yetu sisi. Mtu wa heshima hatumwambii umekosea. Twamwambia wajua wewe, tukamwachia Mungu yaliyobaki. Adabu hiyo nimeifikiria sana, na kila nikiifikiria nachoka.

Mwenzangu akapakia. Jioni akachora mistari peke yake, amevaa mifuko ya plastiki mikononi na leso puani. Mimi nilikuwa bandarini, meli imechelewa. Kwa nini hakuniambia? Nimemuuliza. Alisema alidhani kweli itanyesha.

Haikunyesha. Hata umande ulikuwa haba.

Asubuhi nilipofika niliuona uwanja kutoka barabarani kama alivyotaka. Mistari iling'aa mpaka ukakunja uso. Watu waliujaza ukingo, na mama wa mihogo na mbaazi walikuwa wamekwishakaa. Katibu alikuwa na koti, katika joto lile, akiwatembeza wazungu kando ya mstari kama bwana harusi anayeonyesha nyumba.

Mechi za asubuhi zikaanza, na watu wakaanza kujikuna. Kwanza magoti, kisha viwiko. Kijana mmoja wa timu ya bara, mrefu, aliketi karibu nasi akaliangalia goti lake lililokuwa jekundu, limetoka malengelenge.

"Wasee, huku hata nyasi ina pilipili!"

"Umezoea nyasi za ng'ombe," mmoja wetu akamjibu. "Hizi za pwani zimeungwa."

Tukacheka sote. Mwenzangu peke yake hakucheka. Nikadhani ana woga wa mechi, kumbe aliogopa kumwaibisha katibu na kuikosa ile kazi.

Nahodha wao hakuridhika. Akaenda kwa katibu, na mimi nilikuwa nimesimama pale karibu nakunywa maji, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Bwana, hii chokaa inachoma. Angalia huyu, angalia na huyu."

Katibu akaangalia goti moja, la pili. Aliangalia vizuri, hakupitisha macho tu. Kisha akasema, "Ni jasho na chumvi ya bahari. Miili yenu haijazoea. Kesho mtakuwa salama, inshallah."

Hapo ndipo nimefungwa mpaka leo. Yale ya tanuri naweza kusema alitumaini mvua, na matumaini si kosa la kumfunga mtu. Lakini pale alikuwa ameona malengelenge. Mvua haikuja, anajua haikuja, na mchana ulikuwa bado mrefu. Ndoo za maji zilikuwepo, vijana wa kumwaga maji tulikuwepo wengi. Angesema neno moja, mistari ingemwagiwa maji mengi, ingefuka, ingetulia, tungecheza jioni. Aibu ingekuwa mistari kufuka moshi mbele ya wazungu. Akachagua isifuke.

Sisi tukashinda, tukashinda tena. Fainali tukakutana na wale mabaharia, wekundu kama kamba wa kuchemsha, wanacheka kila wakati. Walikuwa wazito na wanajua kukaba. Walitutangulia. Zikabaki sekunde chache, mpira ukanifikia pembeni, na mbele yangu alikuwa baharia mmoja tu. Nilimpita. Nasema bila haya: nilimpita kama hayupo. Nilikimbia uwanja karibu wote, nikisikia jina langu upande mmoja na upande mwingine Mwenzangu akipiga kelele kitu ambacho sikukielewa. Baadaye aliniambia alikuwa akisema, "Usiruke! Weka tu! Weka kwa mkono!"

Nikaruka. Nani haruki?

Nimeshasema yaliyofuata. Sifongo ilipopita mara ya pili nilianza kumpiga yule bwana wa huduma ya kwanza kwa ngumi bila kumwona, akasema, "Kijana ana wazimu wa ushindi." Wakanibeba wakanilaza nyuma ya hema. Mwenzangu akamfuata katibu amwombe pikapu.

"Subiri kidogo tukabidhi kombe," katibu akamwambia. "Nitawapeleka mwenyewe."

Nikalisikia kombe likikabidhiwa. Nilisikia makofi, hotuba, wimbo wa mabaharia. Hotuba ilikuwa ndefu. Mwenzangu hakungoja imalizike, alinikokota mpaka bomba lililokuwa nyuma ya choo akanitia kichwa chote chini yake, maji yakashuka kwa nguvu, na nikiwa nasonga ndipo akanieleza, analia: "Ni chokaa mbichi. Nisamehe. Ni chokaa mbichi." Hayo yalikuwa maji ya kwanza ya maana kunifikia. Yalinibakishia jicho la kushoto.

Hospitali daktari alisema limeungua, na kilichoungua hakirudi. Mama akaja akakaa kitandani akanishika kidole kama nilipokuwa mdogo. Siku ya pili katibu akaja, na machungwa, na watu wawili wa kamati.

"Pole sana, kijana wangu. Trai ile itasimuliwa. Mchanga wa Changamwe mkali, jamani."

Mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa na Kimvita chake cha kale, akisema polepole. "Mtanga hauli jito hivi, baba."

"Mama, mimi nilikuwepo. Ulimwingia mchanga."

"Mtanga waoshwa, watoka. Hili limepikwa."

Wale wawili wa kamati wakatazama dirisha. Katibu akaweka machungwa mezani. Mama akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia nenda salama. Adabu ileile. Aliporudi aliyafunga machungwa kwenye kanga akampa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kazi za kudumu zilitoka. Walipata wanne katika sisi saba, na mmoja hakuwa hata na mbio. Mimi nilikwenda, nikaambiwa mtu wa jicho moja hafai chini ya kreni. Haki yao, sikatai. Chini ya kreni lazima uone pande zote. Nikaenda kwa kamati. Pale bwana mmoja wa tai alinieleza kwa upole kwamba michezo ni ajali, na ajali ya mchanga haina mwenyewe, mchanga ni wa Mungu. Nikamwambia ilikuwa chokaa. Akaniuliza nani shahidi. Nikamtaja Mwenzangu. Mwenzangu alikuwa mmoja wa wale wanne waliopata kazi, na alikuwa na mke mwenye mimba. Aliitwa, akaulizwa, akasema hakumbuki vizuri.

Alikuja kwetu Bofu siku ileile, akakaa nje kwenye kizingiti, hakuingia. Mimi nami sikumkaribisha. Mama ndiye aliyempelekea maji. Urafiki ulirudi baada ya miaka, kidogokidogo, kama mtu anayejifunza kutembea, lakini ule wa mwanzo haukurudi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Changamwe siku ya mashindano. Sikuwa na la kufanya huko. Miguu ilinipeleka. Nilisimama barabarani, mahali palepale nilipokuwa nimeona mistari iking'aa, na sikuiona. Nikasogea. Nikafika ukingoni, nikachutama, nikatia kidole nikanusa.

Majivu. Majivu ya mwoka mikate, ya kijivu, mabaya, hayaonekani. Na wageni walikuwepo, na makamera, na katibu na koti lake.

Nilikaa pale chini mpaka mtu akaniambia, "Mzee, toka kwenye mstari, mechi inaanza." Mzee! Sikuwa hata na miaka thelathini.

Tangu hapo nimelinda mageti. Hoteli za Shelly Beach, halafu Bamburi, nyumba za watu. Madereva wa teksi waliniita Mlinzi wa Upande Mmoja, nami niliitika, maana ukikataa jina ndipo linapokaa. Nimeoa, nimezaa, nimezika. Watoto wangu wamekua wakijua baba yao aliingiwa na mchanga kwenye raga, kwa sababu ndivyo mji mzima unavyosema. Mkubwa aliwahi kunicheka: "Baba, ulishindwa kufumba macho tu?" Ningeanzia wapi?

Mwenzangu alikufa kwa sukari. Nilikwenda Kisauni kwenye matanga, nikakaa na wanaume mkekani. Katibu akaja. Sasa ni mzee, na mkongojo, kanzu nyeupe, watu wanampisha. Akaanza kusimulia habari za marehemu, na alisimulia vizuri. Akafika kwenye fainali ile, akafika kwenye trai. Akanigeukia, akatabasamu, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote.

"Na huyu hapa ndiye aliyekimbia. Mchanga ukamwingia, maskini, lakini kombe tulilichukua!"

Watu wakasema mashallah. Mimi nikainamisha kichwa. Ilikuwa matanga ya mtu, na matangani hatugombani. Mkono wake ulikaa begani kwangu muda mrefu, mwepesi, mkavu.

Mzee wa tanuri amekufa. Mama yangu amekufa. Mwenzangu ndiye huyo tumemzika. Bwana wa sifongo sijui alipo, na yeye nimemsamehe, alikuwa mjinga tu na mlafi. Aliyebaki anayejua ni wewe, katibu. Sikuulizi habari ya kazi, wala sikuulizi jicho, najua halimo katika uwezo wako. Na ungekuwa mtu wa bara, au mmoja wa wale mabaharia, ningesema hukujua. Lakini ulizaliwa ndani ya kuta za chokaa. Uliwaona mafundi wa baba yako wakiizima.

Basi simama mbele ya watu, mahali popote unapopenda, hata msikitini baada ya sala, na uwaambie watoto wangu wasikie. Kama ulikuwa mchanga wa Mungu ulioniingia, mwaka uliofuata uliyarudisha majivu kwa nini?